Kundi Limetua: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuwahamisha Nyuki wa Porini

Barua za safari hii zimetoka pande mbalimbali za Uganda, na karibu zote zina swali moja ndani yake: nyuki wamekuja wenyewe, tufanye nini? Zilizofanana tumeziunganisha.

Wametua mwembeni

*Asalaam aleikum. Hapa Yumbe kundi la nyuki limetua kwenye tawi la mwembe, karibu na kisima. Vijana wanasema watalichoma usiku kwa nyasi. Mimi nina mzinga wa KTB (Kenya Top Bar, wenye vibao juu ambavyo nyuki hujengea masega) ambao haujawahi kukaliwa. Nikitaka kuwaingiza humo, naanzia wapi?* — Mama wa Yumbe

Wa aleikum salaam, mama. Wazuie vijana leo hii. Nyuki wakichomwa, wengi huponyoka, na hao wanaoponyoka ndio wanaouma watu usiku kucha. Halafu kundi zima, ambalo lingekupa asali kwa miaka, limekwisha bure. Mwarifu mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji), watu wapite njia nyingine, na mbuzi au ng'ombe waliofungwa karibu wafunguliwe na kupelekwa mbali. Mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Kabla ya kugusa chochote, angalia kama kuna masega. Nyuki wakining'inia tupu tawini bila sega, hao wako safarini. Wameondoka na malkia, wamejaza asali matumboni, na wanawangoja wenzao waliokwenda kupeleleza makao mapya. Hawana watoto wala chakula cha kulinda, kwa hiyo wana upole ambao hutauona tena wakishajenga. Wanaweza kukaa hapo saa chache au siku mbili tatu. Ukiona sega, hata dogo jeupe, wamekwisha kuamua kukaa, na hapo fuata jibu tulilompa msomaji wa Busia chini.

Upole huo usikufanye uende mikono mitupu. Nyuki wetu ni wa jamii ya Kiafrika, na kundi lililokaa na njaa siku mbili hubadilika. Vaa ovaroli ya rangi nyepesi, kofia yenye wavu, glovu, na mabuti huku suruali ikiwa imefungwa juu yake. Usijipake manukato. Usile ndizi mbivu kabla ya kazi pia: harufu ambayo nyuki huitoa kuitana vitani inafanana mno na ya bogoya lililoiva.

Andaa sanduku la kubebea lenye vibao vitano hadi vinane vya juu, vya kipimo kilekile cha mzinga wako: upana wa milimita 32 kamili, na urefu sawa na vya mzinga, mara nyingi sentimita 48. Kibao kikizidi upana, nyuki watajenga sega kwa kukatisha vibao viwili, na hutaweza kuinua kimoja bila kuvunja kingine. Chini ya kila kibao, katikati, pitisha mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa. Tafuta pia bomba la kunyunyizia maji, lakini lisiwe lile lililowahi kubeba dawa ya kupe au ya mimea. Mabaki kidogo tu yatawaua.

Anza saa kumi na moja jioni. Kama kundi lilitua tangu jana na linaanza kuchangamka mchana, usingoje, lishushe mapema uliache sandukuni kivulini hadi giza. Nyunyiza maji safi kidogo juu ya bonge, wakaze kushikana na wasiruke ovyo. Moshi uwe pumzi mbili tatu tu, wa magunzi ya mahindi au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanamwaga moshi kama wanavuna, na kundi lisilo na nyumba likifukizwa sana huinuka lote likaenda zake.

Ondoa vibao vitatu vya katikati, mwenzako ashike sanduku liguse karibu na bonge, kisha tikisa tawi mara moja kwa nguvu. Mara moja. Ukitikisa kidogo kidogo unawaudhi bila kuwaangusha. Tawi likiwa jembamba, ni heri kulikata taratibu na kulishusha lote. Wakiwa wameshika shina au ukuta ambao hautikisiki, weka sanduku juu yao, mdomo ukiwagusa, halafu pulizia moshi hafifu kutoka chini. Nyuki hupanda juu kuelekea gizani, na baada ya dakika ishirini au zaidi wengi watakuwa ndani. Warudishie vibao polepole ili wasipondwe. Aliyepondwa anaweza kuwa malkia.

Sasa weka sanduku chini ya tawi na utazame mlangoni. Wakisimama na kuinua mikia juu huku wakipepea mabawa, wanawaita wenzao, na malkia yumo. Wakianza kutoka na kurudi tawini, amebaki nje: rudia. Kabla ya kurudia, fukiza lile tawi au lisugue kwa majani yenye harufu kali, kwa sababu harufu ya malkia inabaki pale na kuwavuta.

Ikifika saa moja na nusu usiku wote watakuwa wameingia. Ziba mlango kwa wavu, si kwa kitambaa wala udongo, maana kundi lililofungiwa bila hewa hupata joto na kufa kabla hujafika nyumbani. Ukilibeba kwa bodaboda, lifungwe likae wima. Ukifika, hamisha vibao pamoja na nyuki wake, uviweke karibu na matundu ya kuingilia.

Je, watarudi mwembeni?

*Nikiwakamata na kuwaweka mita mia moja tu kutoka pale walipotua, si watarudi?* — Kijana wa Bweyale

Hapana, ikiwa ni kundi la safari. Likihama, linajifunza mahali papya upya. Sheria ya kilomita tatu, yaani kuwapeleka umbali huo au zaidi, inawahusu nyuki waliokwisha kujenga na kuzoea njia zao. Hao ukiwasogeza mita mia moja, nyuki wakubwa waliozoea kutoka nje wanarudi pale pa zamani na kukuachia watoto na walezi wao.

Walikaa siku nne wakaondoka

*Shikamoo wahariri. Mwezi uliopita nilikamata kundi zuri hapa Kasese, nikaliweka mzingani. Siku ya tano nikakuta hakuna hata mmoja. Hili ni la pili. Jirani anasema nina mkosi.* — Mzee wa Kasese

Marahaba, mzee wetu. Hakuna mkosi. Nyuki wa kwetu wanahama haraka kuliko wa Ulaya, na kuwakamata ni kazi ndogo kuliko kuwakalisha. Lakini hawahami bila sababu, na mara nyingi sababu inasomeka katika walichokiacha. Fungua mzinga uusome.

Ukikuta vibao vitupu kabisa, basi hawakupapenda tangu mwanzo, au malkia hakuingia. Kagua jua kwanza. Mzinga wenye paa la bati unaopigwa na jua la saa nane bila kivuli ni tanuri, na nta changa hulainika na kudondoka. Kisha nusa. Rangi mpya, dizeli, mkojo wa panya au mabaki ya nondo wa nta yanatosha kuwafukuza. Mzinga wa zamani ukwanguliwe na kupitishwa mwali wa moto ndani kabla ya kutumika.

Ukikuta masega meupe madogo yasiyo na yai hata moja, angalia upande wa malkia. Mzinga mmoja unaweza kutoa kundi la kwanza lenye malkia mzee anayetaga, halafu siku chache baadaye makundi madogo yenye malkia mwanamwali. Huyu bado hajapandwa, lazima atoke kuruka, na akiliwa na ndege au akipotea kundi halina maisha. Makundi ya namna hii huwa madogo. Likiwa halifiki hata ukubwa wa embe kubwa, liunganishe na jingine dogo jioni hiyohiyo, badala ya kulipatia nyumba lisiyoweza kuipasha joto.

Ukikuta masega yenye watoto waliokufa, au tope linalonuka na viwavi vyeupe vinavyotambaa, walivamiwa. Siafu humaliza kundi kwa usiku mmoja. Mende wadogo weusi wa mzinga hutaga ndani ya masega yasiyolindwa, na viwavi vyao ndivyo vinavyochachusha asali. Tundika mzinga kwa waya uliopakwa grisi, au weka miguu ya kichanja ndani ya makopo yenye oili chafu, na ufyeke nyasi: jani moja likigusa mzinga, siafu wamepata daraja.

Na ukikuta masega makavu, safi, watoto wote wameanguliwa na asali imelambwa, hapo walipanga safari. Maua yalikwisha, malkia akaacha kutaga, wakangoja mtoto wa mwisho atoke, wakaenda. Hili hutokea kiangazi, na kwa kundi la siku nne halikuhusu.

Kwako wewe, mzee, tunashuku mambo mawili: nafasi kubwa na kufungua mno. KTB yenye vibao ishirini na kitu ni ukumbi mtupu kwa kundi moja. Weka ubao wa kugawa, waachie vibao nane, na uzibe matundu yabaki mawili. Usifungue siku saba za kwanza, hata kwa kuchungulia. Kama una mzinga mwingine wenye afya, chukua sega moja lenye mayai na watoto ambao hawajafunikwa, pangusa nyuki wake, ulitie katikati ya kundi jipya. Nyuki hawapendi kuacha watoto, na hakuna kamba inayowafunga kuliko hiyo. Hakikisha tu sega hilo halina mende wala watoto waliobadilika rangi.

Mvua ikiwazuia kutoka, wape sukari: kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji ya moto, koroga, ipoe. Itie kwenye kopo fupi lenye vijiti vya kusimamia wasizame, ndani ya mzinga nyuma ya ubao wa kugawa (uache upenyo chini), na uiweke jioni. Ukiiweka nje au kuimwaga mchana unawaalika wezi wa mizinga mingine. Sukari guru inawaharisha, na asali ya dukani inaweza kuleta magonjwa.

Siku ya nane hadi ya kumi inua vibao viwili tu. Ukiona mayai, mfano wa vipande vya uzi mweupe chini ya vyumba, pumua. Jambo moja liwe wazi mapema: idadi yao itapungua. Nyuki waliokuja wanazeeka kila siku, na nyuki kibarua wa kwanza atakayezaliwa hapo huchukua karibu wiki tatu tangu yai hadi kutoka, mbali na siku za kujenga sega kwanza. Wiki ya tatu kundi linaonekana limedhoofika, na wengi hapo hukata tamaa wakaanza kulifunguafungua. Liache.

Kumfungia malkia

*Nimeuziwa kipande cha bati chenye matundu membamba, cha kuweka mlangoni ili malkia asitoke. Kinafaa?* — Mfugaji, Koboko

Kwa siku tatu hadi nne, basi. Kinazuia nyuki dume pia, wanarundikana nyuma yake na kuziba mlango. Malkia wa kundi la safari amepungua mwili na anaweza kupenya. Tena akiwa mwanamwali, umemfungia asiolewe.

Wamo darini mwaka wa pili

*Hapa Busia nyuki wameingia juu ya dari ya nyumba ya kupangisha. Fundi anataka kupuliza dawa. Nimesikia mnawahamisha. Inawezekana?* — Mwenye nyumba

Inawezekana, lakini si kazi ya kujifunzia. Tafuta mfugaji mwenye uzoefu, na ofisi ya afisa wa entomolojia (elimu ya wadudu) wa wilaya yako ndiyo mahali pa kuuliza. Tunaeleza hatua ili ujue unacholipia na umzuie atakayekata njia ya mkato.

Dawa ikatae. Itaua nyuki, ila masega yatabaki. Bila nyuki wa kuyapepea, nta italainika, asali itashuka kwenye dari na kuta, watoto waliokufa wataoza. Nyuki wa majirani watakuja kuiba asali hiyo yenye sumu na kuipeleka kwenye mizinga ambayo watu wanakula. Miezi michache baadaye kundi jingine litafuata harufu ya nta na kuingia palepale.

Wapangaji wote walale kwingine usiku huo. Kazi inaanza jua likizama, kwa taa yenye mwanga mwekundu, kwa kuwa nyuki hawaoni rangi nyekundu na hawataifuata. Moshi utangulie mlangoni mwao, dakika mbili tatu wapate kunywa asali, ndipo ubao wa dari ufunguliwe kutoka ukingoni. Masega ya pembeni kwa kawaida ni ya asali: yanakatwa moja moja na kuingia moja kwa moja kwenye ndoo yenye mfuniko. Asali isiachwe ikidondoka. Inawazamisha nyuki na kuita siafu.

Masega ya watoto ndiyo hazina. Kila moja likatwe juu kwa mstari ulionyooka, liguse kibao, kisha lifungwe kwa ukanda mpana wa kitambaa au nyuzi za katani, mizunguko miwili. Uzi mwembamba utalikata kama kisu. Lisipinduliwe: vyumba vimeelekea juu kidogo, na kilichokuwa juu kibaki juu. Mabanio makubwa ya nywele, yaliyotundikwa kwa waya chini ya kibao, yanashika sega vizuri pia. Baada ya siku chache nyuki watakuwa wameligandisha, na vitambaa watavitafuna wenyewe. Sega la asali lisifungwe hivyo, ni zito na litaanguka. Na usichukue zaidi ya matano au sita, ya watoto wengi. Nyuki walioshtuka hawawezi kulinda zaidi, na lisilolindwa ni la mende.

Malkia mara nyingi yuko kwenye sega la watoto au amekimbilia pembe ya giza. Akionekana, kiberiti kitupu kilichotobolewa kwa sindano kinatosha kumhifadhi. Kiberiti hicho kikiwekwa kati ya vibao, wengine wanamfuata. Nyuki waliobaki wanachotwa au kupanguswa kwa tawi laini, na mzinga unaachwa pale darini hadi jioni ya pili kabla ya kupelekwa kilomita tatu au zaidi.

Kazi haijaisha hapo. Kwangua nta yote, osha mbao na ukuta kwa maji ya moto na sabuni, ziba kila upenyo unaopitisha nyuki kwa saruji au wavu wa matundu ya milimita 3. Mwenye nyumba anayeruka hatua hii tutapokea barua yake tena msimu ujao.

Nitege vipi badala ya kuwakimbiza?

*Niko Masindi, karibu na msitu wa Budongo. Nataka nyuki waje wenyewe.* — Mkulima wa kahawa

Hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote, maana kundi linalochagua nyumba lenyewe hukaa. Tengeneza sanduku la lita 20 au zaidi, vibao vya milimita 32, tundu moja au mawili ya sentimita moja na nusu. Mbao ziwe kavu, zisizopakwa rangi. Paka nta chini ya vibao, sugua kuta za ndani kwa gundi ya nyuki kama unayo, kisha kwa majani ya mchaichai yaliyopondwa. Mchaichai una harufu zilizomo katika ile ambayo nyuki huitoa kuwaita wenzao. Asali usiweke, utategea siafu.

Tundika mita mbili hadi nne juu, kivulini, mlango ukitazama uwazi, wiki chache kabla ya maua kufunguka. Kwenu kwenye misimu miwili ya mvua ni mara mbili kwa mwaka. Kaskazini na West Nile, mvua zinapokaribia kuanza. Pita kila wiki mbili uondoe buibui, mijusi na vichuguu vya sisimizi, na uongeze mchaichai. Nyuki wachache wanaoingia na kutoka miguu mitupu ni wapelelezi. Wakianza kuingia na chavua, wana watoto. Ngoja kama wiki mbili tangu hapo ndipo uwahamishe, usiku, bila kuinamisha sanduku, kwa sababu sega changa linakatika kwa uzito wake.

Ndani ya msitu wa hifadhi usitundike bila idhini. Msitu wa NFA (mamlaka ya taifa ya misitu) una utaratibu wa makubaliano na vikundi vya jamii, na mizinga inaruhusiwa chini ya makubaliano hayo. Kwenye hifadhi za wanyama utawauliza UWA (mamlaka ya wanyamapori).

Mtu akivamiwa

*Tafadhali elezeni kifupi huduma ya kwanza.* — Mwalimu, Bombo

Akimbie moja kwa moja, uso umefunikwa kwa nguo, hadi ndani ya nyumba au gari na afunge. Asipunge mikono na asirukie majini, watamngoja. Miiba ikwanguliwe upesi kwa ukucha au chochote kilicho karibu, kwani inaendelea kusukuma sumu baada ya nyuki kuondoka. Osha kwa sabuni, weka maji baridi. Akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akitapika, akitoka vipele mwili mzima au akizimia, ni hospitali sasa hivi. Anahitaji sindano ya adrenalini. Mtoto au mzee aliyechomwa mara nyingi apelekwe hata kama anaonekana mzima.

Nitavuna lini?

*Kundi langu liliingia mwezi wa nne. Krismasi nitakuwa na asali?* — Arua

Huenda, kama masega yamefika kumi na mawili au zaidi na yale ya nyuma, mbali na mlango, yamefunikwa nta angalau robo tatu. Chukua hayo tu, yasiyo na mtoto hata mmoja, na uwaachie masega manane kwa ajili ya kiangazi. Yakiwa pungufu ya hapo, ngoja maua yajayo.